Chicago: Baridi Nje, Stori Masikioni

Jamani, baridi ya Chicago si mchezo! Januari nusura nitundike raba. Saa kumi na mbili asubuhi bado giza, upepo wa Ziwa Michigan unakata masikio, na ile njia ya ufukweni, kama kilomita 29, unajiona uko peke yako duniani.

Dawa niliipata kwenye simu: podikasti za Kiswahili. Sharti langu moja tu: stori nasikiliza nikikimbia. Nikirudi ndani nazima, hata kama utamu umekolea. Kesho yake miguu yenyewe inadai njia! Sikio moja naliacha wazi, nisikie magari.

Juzi nikacheka kwa sauti katikati ya theluji. Kumbe kilichokuwa kinanimaliza si baridi, ni upweke. Wewe wa Dar unayeogopa manyunyu, upo?