Ukurasa wa Wengi

Kusahihishwa ni dawa chungu, na wengi wetu huikunjia uso hata tunapojua kwamba itatuponya. Katika kazi ya habari dawa hii haina budi kunywewa kila siku, kwa kuwa neno lililopotoka katika gazeti au redio huwafikia maelfu ya watu kabla mwandishi hajapata nafasi ya kulifuta. Nataka kueleza jinsi darasa letu la masomo ya habari, katika chuo kikuu kimoja cha nchi hii, lilivyojifunza kuinywa kwa njia ya ukurasa mmoja wa intaneti ulioandikwa na watu wengi.

Ukurasa wa namna hiyo huitwa wiki. Msomaji asidhani kuwa ni juma la siku saba. Neno hili latoka katika lugha ya wenyeji wa visiwa vya Hawaii, na maana yake ni haraka. Mmarekani aitwaye Ward Cunningham aliifungua wiki ya kwanza tarehe 25 Machi 1995, na jina alilitwaa kwa mabasi ya uwanja wa ndege wa Honolulu yaliyoitwa Wiki Wiki, yaani haraka haraka. Kwa njia hiyo hiyo ilianzishwa Wikipedia mwaka 2001, na ile ya Kiswahili ikafuata mwaka 2003. Tabia ya wiki ni hii: kila aliyeruhusiwa aweza kuongeza, kufuta au kubadili maneno ya mwenzake. Walakini yaliyofutwa hayapotei. Kila badiliko huwekwa pamoja na jina la aliyelifanya, siku na saa, na maandishi ya awali yaweza kurudishwa. Kando yake huwa pana mahali pa mazungumzo, ili wanaotofautiana watoe hoja zao.

Mwalimu wetu alitugawa katika makundi ya watu watano watano. Kila kundi lilipewa habari moja ya mji kuifuatia kwa muhula mzima, na kuiandika mahali ambapo darasa zima liliweza kuisoma. Hapo kwanza tuliogopana. Baadhi yetu waliandika usiku wa manane, na baadhi walingoja wenzao watangulie. Lakini wale waliozoea kunyamaza darasani, hasa waliokuwa na haya ya kusema Kiingereza mbele za watu, walipata ulimi, maana maandishi hayana kigugumizi.

Jaribu kubwa lilifika katika kundi langu. Tulikuwa tukiandika habari za soko lililovunjwa ili barabara ipanuliwe. Mwenzetu mmoja aliandika kwamba vibanda vilivyobomolewa vilikuwa 200. Mwingine, ambaye mama yake aliuza mboga hapo, alifuta hesabu hiyo akaandika 400. Wa kwanza akairudisha yake, na wa pili akaifuta tena. Kwa siku mbili ukurasa ule ulikuwa kama mlango unaosukumwa na watu wawili, mmoja ndani na mmoja nje. Mwalimu aliyaona yote wala hakuamua. Aliandika swali moja tu mahali pa mazungumzo: "Nani kati yenu amehesabu?"

Kati ya hao wawili hapana aliyehesabu. Mmoja alipewa hesabu na ofisa, wa pili alipewa na wenye uchungu. Basi Jumamosi tulikwenda sote kwa mwenyekiti wa wachuuzi, aliyekuwa na daftari la majina. Tuliyasoma jina kwa jina, tukayaondoa yaliyoandikwa mara mbili, yakabaki 312. Hapo tukafahamu kwamba ofisa alihesabu wenye leseni tu, na mama naye alihesabu hata waliotandaza bidhaa chini bila kibanda. Hakuna aliyesema uongo; kila mmoja alihesabu kile alichokiona kuwa soko. Tuliandika hesabu zote tatu na maana ya kila moja, na tangu siku hiyo hapana aliyezifuta.

Haki yataka nitaje na upungufu. Mwenzetu mmoja alikaa mbali na chuo, na mara nyingi alikosa fedha za kununua intaneti. Katika orodha ya mabadiliko jina lake lilionekana kwa nadra, na asiyemjua angemwita mvivu. Kumbe ndiye aliyezungumza na wachuuzi wengi kuliko sisi sote, na maelezo yake tuliyaandika kwa mikono yetu. Orodha humwonyesha aliyeandika, haimwonyeshi aliyetafuta. Kwa hiyo tulikubaliana kutaja chini ya kila habari jina la aliyeileta. Vyuo vilipofungwa mwezi wa Machi 2020 kwa sababu ya korona, na masomo mengi yakahamia katika intaneti, wanafunzi wa pande nyingi za Kenya waliujua upungufu huo.

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Chombo chenye jina la haraka kilitufundisha mwendo wa polepole: kuuliza, kwenda, kuhesabu, na kukubali mkono wa mwenzako upite juu ya maneno yako. Kijana anayetamani kazi ya habari aanze leo, hata kama hana chombo chochote ila daftari. Ampe rafiki yake kile alichokiandika pamoja na kalamu, kisha avumilie kuona kitakachofutwa.