Kuteka Maziwa: Kumbukumbu za Mkalimani Asiyefuzu

Wahenga walinena kwamba kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Methali hii niliikariri tangu shule ya msingi, nikaiandikia insha na kupata alama nzuri. Hata hivyo, sikuielewa hadi usiku ule nilipoketi katika wodi ya hospitali moja ya Kitui, nimeshika kikombe kitupu.

Dada yangu mkubwa, aliyeolewa Makueni, alikuwa amekuja kwetu kututembelea uchungu ulipomshika, majuma manane kabla ya wakati. Mtoto alizaliwa akiwa na uzani wa gramu 1,500, akalazwa katika kiatamizi. Alikuwa hai, lakini hakuweza kunyonya. Muuguzi alitufafanulia kwamba mtoto aliyezaliwa mapema hivyo hajaweza kupatanisha mambo matatu: kufyonza, kumeza na kupumua. Maziwa ya mama yangemfikia kwa mrija mwembamba uliopitishwa puani. Kwanza, sharti yatolewe.

Pembeni mwa wodi ilisimama mashine ya kukamulia maziwa. Haikuwa kama zile ndogo ziuzwazo madukani kwa matumizi ya mtu mmoja. Mota yake ilikuwa na nguvu, nayo iliundwa ili itumiwe na wazazi wengi kwa zamu, kila mmoja akiwa na mirija na vikombe vyake safi. Huanza kwa mivuto myepesi ya haraka, kama mtoto ayaitaye maziwa, kisha huvuta polepole na kwa kina, kama mtoto aliyeyapata.

Muuguzi alitoka kaunti ya mbali na hakujua Kikamba. Mama mkwe wa dada, naye, Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni tu. "Wewe si unasomea lugha chuo kikuu?" muuguzi akaniuliza. "Basi mweleze mama kwamba leo tutamkamua mzazi kwa mkono, na maziwa yakishuka tutatumia mashine."

Nilitafsiri bila kusita. Nilichukua neno lililokuwa karibu, lile tulitumialo zizini alfajiri, nikaliongezea neno "mashine". Mama mkwe alinitazama kwa muda mrefu. "Mwanangu," akasema, "mke wa mwana wangu amekuwa ng'ombe tangu lini?" Dada yangu aligeukia ukutani, akajifunika leso. Alipoguswa bega, alitikisa kichwa.

Saa zilipita. Darasani nilikuwa nimejifunza kwamba dhana moja yaweza kuwa na maneno kadhaa, na kwamba maneno hayo hayalingani kwa hadhi. Nililijua hata neno "dang'a", yale maziwa ya kwanza mazito, ya rangi ya manjano, yenye kinga dhidi ya maradhi. Nililitamka kwa fahari. Halikumsaidia mtu, kwa maana hakuna aliyelijua isipokuwa mimi.

Aliyetuokoa alikuwa bibi mmoja aliyemhudumia binti yake katika kitanda cha pili. Alikuwa ameyasikia yote. Alisogea, akamwita dada yangu "mwaitu", yaani mama, jina ambalo hakuna aliyekuwa amemwita tangu ajifungue. Kisha akamuuliza kama amewahi kuteka maji katika Mto Tiva wakati wa kiangazi.

Nani kati yetu asiyewahi? Mto huwa mchanga mtupu. Unachimba kwa mikono, unangoja, na maji yanajikusanya kidogo kidogo chini ya shimo. Unayachota kwa kata, unangoja tena. Usipochota, mchanga hulifukia shimo. Ukichota, maji huja.

"Basi mtekee mtoto," bibi akasema.

Dada yangu aliketi. Muuguzi alimwonyesha namna ya kuweka vidole, akieleza kwamba siku za mwanzo mkono hufaa zaidi, kwa sababu dang'a ni chache na nzito na huweza kunata na kupotea ndani ya vifaa vya mashine. Nilishika kikombe. Yalitoka matone ambayo hayakujaza hata kijiko. Mama mkwe aliinama, akayatazama, akasema haba na haba hujaza kibaba. Methali hiyo aliijua kwa Kiswahili.

Maziwa yaliposhuka, dada alianza kuitumia mashine. Alikamua mara nane kwa siku, usiku ukiwemo, kwa kuwa mwili hutengeneza maziwa kadiri yanavyotolewa. Muuguzi alilithibitisha hilo, nami nikaona kwamba bibi wa Tiva alikuwa amekwisha kulisema. Walipoondoka kwenda Makueni, mashine ilibaki hospitalini. Nyumbani hakukuwa na stima. Mtoto alinyonya na kuchoka upesi, kwa hiyo dada alimkamulia kwa mkono katika kikombe kilichochemshwa, na mama mkwe ndiye aliyemnywesha.

Nchini mwetu mengi yamefanyika. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inawataka waajiri watenge mahali pa kunyonyeshea na kukamulia maziwa. Mwaka 2019, benki ya kwanza ya maziwa ya mama nchini Kenya ilifunguliwa katika Hospitali ya Pumwani, Nairobi. Haya yote yatahitaji kuelezwa kwa wazazi, na wengi wa watakaoeleza wametoka katika madarasa kama yetu.

Kwa hiyo, wanafunzi wenzangu, tunapounda istilahi tusiridhike na usahihi pekee. Neno langu la usiku ule lilikuwa sahihi, nalo lilimchelewesha mtoto kupata chakula chake cha kwanza. Kosa hilo silitupii kamusi, wala mama mkwe.

Mtoto amekwisha kutimiza miaka mitatu, na hakamatiki. Katika daftari langu la istilahi nimeandika "kuteka" kando ya "kukamua". Mhadhiri wangu bado hajalipitisha.