Jioni Moja Kabeza

Mwezi uliopita nilipata ruhusa ya siku tatu kwenda Kigali kumwona kaka yangu, mtoto wa baba mdogo. Anaishi Kabeza, karibu na uwanja wa ndege wa Kanombe, na anaosha glasi katika baa moja. Jumamosi akaniambia, "Njoo uone ninapofanyia kazi."

Baa yenyewe imepambwa kizamani. Ukutani kuna redio ya mbao, pasi ya makaa na vikombe vya bati. Mezani wameweka katadowa, ile taa ya mkebe yenye utambi, sawa na ile niliyosomea mitihani yangu kule Gihembe. Nikashangaa. Kumbe kuna watu wanalipa pesa ili wakae katika giza letu!

Kijana anayechanganya vinywaji anapima kila kitu kidogo kidogo kama mtu wa famasi. Kwenye orodha nikaona kinywaji kinaitwa Dawa. Nikamwuliza kaka kama hapa wanatibu wagonjwa. Akacheka sana, akanieleza kwamba ni vodka, ndimu, asali na barafu, na kwamba wamekitoa Kenya. Nikatazama bei, nikahesabu sabuni ya nyumbani ya mwezi mzima. Sikuagiza kitu.

Baadaye yule kijana akanisogezea glasi ndogo, bila malipo. "Onja. Hii ni urwagwa, lakini ya kisasa. Nimetia tangawizi."

Urwagwa ndiyo ile kasiksi ya kwetu Kongo. Mimi si mnywaji, ila nilionja, na nikamkumbuka mama. Kabla ya vita vya 1996, mama alikuwa anatengeneza kasiksi kule Masisi, na pesa zake ndizo zilizomlipia kaka mkubwa karo ya shule. Habari hiyo nimeisikia tangu utoto, lakini shamba lake la ndizi sijaliona hata siku moja. Mimi nilizaliwa Gihembe, na Gihembe nayo ilifungwa mwaka 2021, tukaletwa hapa Mahama.

Kijana akaniuliza, "Weye unatoka wapi?"

Nikajibu haraka, "Kirehe."

Si uongo kabisa, maana Mahama iko Kirehe. Lakini moyo wangu naujua: niliogopa neno kambi. Yeye akafurahi, akasema, "Aa, huko vijijini wanajua urwagwa! Mama yako anatengeneza?"

Nikasema, "Hapana, mama hajui mambo hayo."

Kaka alinitazama tu, akarudi kwenye glasi zake. Ile glasi yangu sikuimaliza.

Niliporudi nikamwambia mama yote. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, kambi unaweza kuikana, si kosa kubwa. Lakini mikono yangu umeikana juu ya nini?" Sikuwa na jibu. Nikaomba msamaha.

Jioni ile alinieleza kazi yote, mikono yake ikionyesha. Unachimba shimo, unalitandika majani ya mgomba, unazika ndizi mbichi siku kadhaa mpaka ziive kwa joto. Unazimenya, unazikamua kwa nyasi mpaka maji yatoke, unachuja. Maji hayo matamu watoto wanakunywa. Yanayobaki unatia unga wa mtama uliokaangwa, unafunika siku mbili tatu. "Ukikosea mtama," akasema, "umepoteza shamba zima." Yote hayo hakuwahi kuyaandika popote. Mimi niliyasikia kwa mara ya kwanza nikiwa mtu mzima, tena mwalimu.

Wazazi, siwaambii mpike pombe, hapana. Nasema kwamba vitu vyetu watu wa mjini wanavitundika ukutani na kuviita vizuri, nasi tunavionea aibu mbele ya watoto wetu.

Kwa hiyo wiki hii nimewapa wanafunzi wangu wa darasa la tano kazi ya nyumbani: "Mzazi wako anajua kutengeneza nini, na anakitengeneza vipi?" Mtoto akija na daftari, tafadhali usimwambie umechoka. Keti naye umweleze, hata kama ni kusuka kikapu au kufuga nyuki.

Na siku mtu akimwuliza anatoka wapi, awe na la kujibu kuliko mimi.