Kabla ya Kuitupa Kompyuta Kuukuu

Katika nyumba nyingi za askari, kambini na uraiani, imo kompyuta moja iliyozeeka. Pengine ilinunuliwa mkononi mwa mtu, pengine ilitolewa na ndugu aliyepata nyingine mpya. Huwaka, huandika, hupiga nyimbo, lakini siku moja hukataa katakata kuingia katika intaneti. Hapo hukumu hutolewa upesi: imekufa, na itupwe. Hukumu hiyo mara nyingi si ya haki, kwa kuwa kompyuta ya namna hiyo aghalabu haikufa. Imekosa tu programu ndogo iitwayo draiva.

Ni vizuri ifahamike kwanza draiva ni kitu gani. Ndani ya kompyuta kuna kadi ya mtandao, ambayo ndiyo yenye tundu la waya au antena ya kupokea waifai. Kuna pia mfumo wa uendeshaji, yaani programu kuu inayotawala kazi zote, kama vile Windows 7. Wawili hao hawajui lugha ya kusemezana. Draiva ndiyo mkalimani wao. Mkalimani asipokuwapo, kadi inaweza kuwa nzima kabisa na bado isifanye kazi yoyote.

Windows 7 ilianza kuuzwa tarehe 22 Oktoba 2009. Diski yake ya asili ilikuja na draiva za vifaa vingi vilivyojulikana wakati huo. Lakini kadi iliyobuniwa miaka mitatu baadaye haingeweza kuwamo katika diski hiyo. Kwa sababu hiyo, mtu akiipakia upya Windows 7 katika kompyuta iliyotengenezwa mwaka 2012, huenda ikawaka vizuri lakini isione mtandao wowote. Nalo fumbo lililopo ni hili: draiva inapatikana katika intaneti, na intaneti haipatikani pasipo draiva.

Mama mmoja, mke wa sajini wa polisi katika kambi moja ya Kampala, alikutwa na fumbo hilo. Yeye ni mweka hazina wa chama cha akiba cha wanawake wa kambini, na hesabu za miaka sita zilikuwa ndani ya kompyuta yake. Mfumo ulipoharibika alizinakili hesabu zote katika flashi, kisha akampelekea fundi kompyuta aipakie mfumo upya. Ikarudi nyumbani safi, lakini bila mtandao. Zilikuwa zimebaki siku tano kabla ya mkutano wa mgao, na taarifa ilipaswa kuwafikia wanachama wote, wakiwamo waliohamia Gulu na Mbarara pamoja na waume zao. Simu yake ni ile ndogo ya vitufe. Kuichomeka flashi yenye siri za fedha za watu katika kompyuta za mkahawa wa intaneti hakutaka. Huku nyuma, minong'ono ilikuwa imekwisha kuanza bombani: mbona mwaka huu hesabu hazionekani?

Fundi alisema ya kwamba kadi imeungua, na akataja bei ya kadi mpya iliyotosha kushona sare za shule za watoto wawili. Mama hakuwa na fedha hizo, ila zile za chama, ambazo hakuthubutu kuzigusa. Jumamosi akaja shemeji yake, konstebo wa kitengo cha mawasiliano.

"Shemeji, nani aliyesema kadi imeungua?"

"Ni fundi, shemeji. Alichomeka waya, taa haikuwaka, akasema basi."

"Aliiuliza kompyuta yenyewe?"

Mama akacheka. "Kumbe kompyuta nayo huulizwa?"

"Huulizwa, na hujibu."

Konstebo akafungua orodha ya vifaa, ambayo katika Windows huitwa Device Manager. Hufikiwa kwa kubonyeza kitufe cha kulia cha kipanya juu ya neno Computer, kuchagua Properties, kisha kuchagua jina hilo upande wa kushoto. Katika orodha palikuwa na kifaa kimoja chenye alama ndogo ya manjano. Alipokifungua, kikaonyesha namba 28. Namba hizo ni lugha maalumu. Namba 28 maana yake ni kwamba draiva haikupakiwa. Namba 22 maana yake ni kwamba kifaa kimezimwa na mtu, na dawa yake ni kukiwasha tu. Namba 10 maana yake ni kwamba kifaa kimeshindwa kuanza, aghalabu kwa sababu ya draiva isiyofaa. Ama kadi iliyokufa kweli, mara nyingi haionekani kabisa katika orodha. Kadi ya mama yule ilikuwa imo, na ilikuwa inajibu.

Baada ya kujua kwamba kadi ni hai, hatua ya pili ni kujua jina lake halisi. Katika ukurasa ule ule, sehemu ya Details, mtu huchagua Hardware Ids, na hapo hutokea mstari wenye herufi VEN na DEV. Tarakimu zinazofuata VEN humtaja mtengenezaji: 8086 ni Intel, 10EC ni Realtek, 14E4 ni Broadcom. Zile zinazofuata DEV hutaja aina ya kadi. Mstari huo ni kama namba ya askari: majina yanaweza kufanana, namba haifanani. Konstebo akauandika wote katika karatasi, herufi kwa herufi. Chini ya kompyuta akasoma pia jina na namba ya toleo lake, na katika Properties akatazama kama mfumo ni wa biti 32 au biti 64. Ulikuwa wa biti 64. Jambo hili si dogo, kwani draiva ya biti 32 haifanyi kazi katika mfumo wa biti 64, wala ya biti 64 haifanyi kazi katika ule wa biti 32.

Wakaenda kwa jirani, ambaye mwanawe ana kompyuta yenye intaneti, wakiwa na flashi nyingine tupu. Kijana alipoanza kutafuta, kioo kikajaa matangazo ya programu zinazojidai kutafuta draiva zote bure kwa mara moja. Mama akanyosha kidole kwenye ile iliyong'aa kuliko zote.

"Hiyo hapana, shemeji," konstebo akasema. "Draiva hupewa funguo za nyumba nzima. Utampa funguo mtu usiyemjua kwao?"

Alisema kweli. Draiva si kama mchezo au wimbo. Hufanya kazi katika kiini cha mfumo, penye mamlaka juu ya kila kitu, na programu mbaya ikipata nafasi hiyo huweza kusoma, kuiba au kufuta itakavyo. Kwa hiyo draiva hutafutwa kwanza kwa mtengenezaji wa kompyuta, kwa kutumia namba ya toleo. Isipopatikana hapo, hutafutwa kwa mtengenezaji wa kadi, kwa kutumia ule mstari wa VEN na DEV.

Waliipata kwa mtengenezaji wa kompyuta. Nyumbani, flashi ikachomekwa katika tundu jeusi, si lile la buluu, kwa sababu matundu ya buluu ni ya USB 3.0, na diski ya asili ya Windows 7 haina draiva zake. Draiva ikapakiwa, kompyuta ikazimwa na kuwashwa tena. Alama ya manjano ikabaki pale pale, lakini sasa namba ilikuwa 52.

Wengi hapa hukata tamaa, ilhali kubadilika kwa namba ni hatua mbele. Namba 52 maana yake ni kwamba mfumo umeshindwa kuithibitisha sahihi ya draiva. Windows 7 ya biti 64 haikubali draiva isiyo na sahihi inayoitambua, na ile ya mwanzo haikuijua sahihi ya aina mpya iitwayo SHA-2. Microsoft ilitoa masahihisho ya jambo hilo mwaka 2019, yenye namba KB4474419, kwa mfumo uliokwisha kupata nyongeza ya Service Pack 1. Konstebo alikuwa amechukua draiva mpya kuliko zote, akidhani ndiyo bora. Akarudi kwa jirani, na katika ukurasa ule ule akachukua toleo la zamani zaidi, la miaka ya kompyuta yenyewe. Safari hii alama ya manjano ikatoweka.

Hata hivyo intaneti haikufunguka. Konstebo akafungua dirisha jeusi la amri, akaandika ipconfig, na anwani iliyotokea ilianza na 169.254. Anwani ya namna hiyo kompyuta hujipa yenyewe inapoomba anwani kwa ruta na kukosa jibu. Maana yake draiva sasa inafanya kazi, na kasoro itafutwe nje. Waya uliopita nyuma ya kabati ulikuwa umetafunwa na panya. Waya mwingine ulipowekwa, mtandao ukaingia. Jumapili jioni taarifa ikafika Gulu na Mbarara, na minong'ono ya bombani ikaisha.

Pamoja na furaha hiyo, jambo moja halina budi kusemwa wazi. Draiva huirudisha kompyuta mtandaoni, lakini haiurudishii mfumo ujana wake. Microsoft iliacha kuitolea Windows XP masahihisho ya kawaida tarehe 8 Aprili 2014, na Windows 7 tarehe 14 Januari 2020. Mlango ukigunduliwa kuwa mbovu leo, hakuna wa kuutengeneza. Mwezi Mei 2017 programu haribifu iitwayo WannaCry ilienea duniani kwa kupitia udhaifu uliokwisha kutolewa masahihisho mwezi Machi mwaka huo. Nyingi kati ya kompyuta zilizoambukizwa zilikuwa za Windows 7 ambazo wenyewe hawakupakia masahihisho hayo, na hata hospitali za Uingereza zilikwama. Ikiwa hali ilikuwa hiyo masahihisho yalipokuwa yakitolewa, hadhari inayotakiwa sasa ni kubwa zaidi.

Kwa hiyo kompyuta kuukuu ipewe kazi inayolingana na umri wake. Iandike hesabu, itunze barua na picha, ifundishe watoto kupiga chapa. Katika intaneti iingie kwa haja maalumu, kisha itoke. Mambo ya benki na maneno ya siri yasipitishwe humo, na nakala ya kila kitu cha thamani ikae katika flashi iliyochomolewa. Anayeweza kuupata mfumo mpya zaidi ambao kompyuta yake itaubeba, na aupakie.

Mama yule amebandika ule mstari wa VEN na DEV nyuma ya daftari la chama, na draiva iliyokubali ameihifadhi katika flashi pamoja na hesabu. Akiba haiozi. Siku mfumo utakapopakiwa upya hatahitaji kwenda kwa jirani. Familia nyingine nazo zifanye vivyo hivyo leo, maadamu kompyuta zao zinafanya kazi, kwa sababu draiva ni rahisi kuitafuta mtandao ukiwapo. Na fundi akisema kadi imeungua, aombwe kwa adabu aonyeshe namba iliyoandikwa na kompyuta. Kuuliza si ujinga, na fundi mwaminifu hatakasirika.