Split: Ikulu yenye kamba za nguo dirishani

Ukisikia neno magofu unafikiria nini? Popo, mijusi na mlinzi anayesinzia kwenye kibanda cha tiketi, sio? Basi msomaji wangu, Split itakushangaza. Mji huu uko Kroatia, kwenye pwani ya Bahari ya Adriatiki, na gofu lake la Kirumi lina wapangaji, baa, maduka na nguo zilizoanikwa madirishani!

Nililizunguka kwa miguu, mimi na watalii wenzangu, nyuma ya mama mmoja mchangamfu ambaye kazi yake ni kutembeza wageni. Tulianzia Riva, barabara ya ufukweni yenye mitende. "Enzi zile hapa mngekuwa mmesimama majini," alituambia. Kumbe bahari ilikuwa ikifika hadi ukutani, na mashua zikitia nanga kwenye Lango la Shaba.

Aliyejenga ni Kaizari Diocletian, mzaliwa wa sehemu hizo hizo. Mwaka 305 alifanya jambo ambalo wakubwa wengi wanaliogopa kama ukoma: aling'atuka mwenyewe! Kabla yake hakuna Kaizari wa Roma aliyewahi kuachia kiti kwa hiari. Inasimuliwa kwamba alipobembelezwa arudi, alijibu kuwa wangeziona kabichi alizopanda kwa mikono yake, wasingemsumbua. Na ikulu ya mkulima huyo, mzee, ni kubwa kama viwanja vitano vya mpira!

Tukaingia langoni, moja kwa moja hadi kwenye kumbi za chini ya ardhi. Kwa karne nyingi waliokaa juu walitoboa sakafu na kumwaga taka humo mpaka zikajaa. Cha ajabu, uchafu huo ndio uliozihifadhi, maana hakuna aliyeweza kuzibomoa wala kuzigeuza. Kazi kubwa ya kuzizoa ilianza miaka ya 1950. Siku hizi vijana wanajazana humo kupiga picha, kwa sababu sehemu za Game of Thrones zilipigwa hapo.

Ukipanda ngazi unatokea uwanja wa nguzo, ambako kuna sanamu ya sfinksi iliyoletwa kutoka Misri. Pembeni ni kaburi la Kaizari. Diocletian aliwatesa Wakristo vibaya sana, na mwaka 304 askofu Domnius aliuawa katika mji jirani wa Salona. Sasa sikia: kaburi la mtesaji liligeuzwa kanisa kuu, likapewa jina la Domnius! Maiti ya Kaizari haijulikani iliko. Malipo hapa hapa duniani.

Lakini watu waliingiaje ikulu? Katika karne ya 7 Salona ilivamiwa na kuharibiwa, na wakimbizi wakajihifadhi ndani ya kuta hizo. Wakajenga vyumba katikati ya nguzo, wakazaa, wakazeeka. Salona iliyohamwa imebaki mawe shambani. Ikulu iliyokaliwa imesimama, na mwaka 1979 UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia.

Nilimwuliza mwenyeji wetu kama naye anakaa humo. Akacheka kidogo. Nyumba nyingi, alisema, sasa zinapangishwa kwa watalii, na wenyeji wanahamia nje ya kuta. "Wageni wakiondoka msimu wa baridi, madirisha mengi ni giza." Hapo kidogo nikanywea. Wavamizi hawakuwatoa watu hawa, lakini kodi ya chumba cha mtalii inawatoa taratibu.

Ukienda, vaa viatu visivyoteleza, maana mawe yamesuguliwa na nyayo mpaka yanang'aa. Toka kwa Lango la Dhahabu, utamkuta Grgur Ninski, sanamu kubwa ya askofu iliyochongwa na Ivan Meštrović. Ati ukisugua kidole gumba cha mguu wake unapata bahati. Mimi nilikisugua, nikaziombea zile kamba za nguo zisije zikaondoka.