Barabara ya Luthuli na waganga wake wa kompyuta

Barabara ya Luthuli jijini Nairobi si ndefu. Mwenye haraka huimaliza kwa dakika chache tu, kutoka Barabara ya Tom Mboya hadi River Road. Lakini ni wachache wanaoipita kwa haraka. Huku redio zinapigwa kwa sauti ya juu ili mnunuzi asikie, kule vijana wanamzingira mpita njia wakimwuliza anatafuta nini: spika, runinga, betri ya simu, waya wa chaja? Taja kitu chochote kinachotumia umeme, nawe utaongozwa ndani ya jengo, upandishwe ngazi nyembamba, mpaka kipatikane.

Barabara hii imepewa jina la Chifu Albert Luthuli wa Afrika Kusini, aliyekuwa rais wa chama cha ANC na mshindi wa Tuzo ya Amani ya Nobel ya mwaka wa 1960. Mnamo 2019 ilifanyiwa ukarabati. Magari yaliachiwa njia ya kuelekea upande mmoja tu, na waendao kwa miguu wakapanuliwa nafasi. Ni afueni kubwa kwa mtu aliyebeba kisanduku cha kompyuta begani.

Na watu hao hawakosekani, hasa Jumamosi asubuhi. Utamwona baba amekumbatia kisanduku kilichofunikwa kwa leso, kana kwamba ni mtoto anayepelekwa zahanati. Utamwona mwanafunzi wa chuo kikuu ameukaza kifuani mkoba wenye kipakatalishi. Waulize wana shida gani, na wengi watakupa jibu moja: "Imeingiwa na virusi."

Ndani ya majengo haya, vyumba vimegawanywa kwa mbao na vioo hadi vikawa vibanda visivyozidi upana wa kitanda. Fundi hukaa upande mmoja, mteja hukaa kwenye stuli upande wa pili, na katikati yao kuna rundo la bisibisi, nyaya na kompyuta zilizofunguliwa matumbo.

Katika kibanda kimojawapo, mama mmoja aliyetoka Kayole alikuwa ameketi mbele ya fundi ambaye angeweza kuwa kitinda mimba wake.

"Hii, mama, ni kufomati tu," kijana alisema. "Saa moja hivi utakuwa umeshaondoka."

"Kufomati ndiyo kufanya nini, mwanangu?"

"Ni kuipangusa yote, mama. Inaanza upya kama ilivyotoka dukani."

"Na picha za baba yao? Zile za mwisho, kabla hajatuacha?"

Kijana aliondoa mkono wake kwenye kibodi. Kwa kweli, alikuwa amebakisha kubonyeza mara moja tu.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo hili, msomaji mpendwa. Wengi wetu husema kompyuta inaumwa, kama vile ni kitu kimoja kizima. La hasha. Kuna chombo chenyewe, ambacho virusi kwa kawaida havikiharibu. Kuna programu, kama vile Windows, ambazo huweza kuwekwa upya wakati wowote. Halafu kuna faili zako: picha, barua, mahesabu ya biashara, kazi ya mtihani. Chombo hununuliwa na programu hurudishwa, lakini picha ya marehemu haiuzwi katika duka lolote la Luthuli. Kufomati huondoa virusi vingi, ni kweli, ila huondoa pamoja navyo kile kitu pekee ambacho hakina badala.

Vilivyoingia kwa flashi

Kijana yule alikuwa mwungwana. Aliitoa diski kuu ya kompyuta ya mama, akaiunganisha na mashine nyingine yenye kinga, akaikagua. Folda za picha zilionekana kuwa zimetoweka, na mahali pake palikuwa na vialama vidogo vyenye majina yaleyale. Aliandika amri fupi iitwayo attrib, na folda zote zikajitokeza moja baada ya nyingine. Hazikuwa zimefutwa, zilikuwa zimefichwa tu.

Virusi vya namna hiyo vimewasumbua sana wanafunzi wetu. Huficha faili zako halisi na kuweka vialama vya kukuhadaa. Ukibonyeza kialama, faili hufunguka kama kawaida, lakini virusi navyo huamka kimyakimya na kujinakili kwenye kila flashi itakayochomekwa baadaye. Mwanafunzi hupeleka flashi kwenye saiba iliyo karibu na chuo ili achapishiwe kazi yake, mashine ya pale ikiwa imeshachomekewa flashi za watu wengine chungu nzima tangu asubuhi. Jioni huirudisha nyumbani, na kompyuta ya familia hupata mgeni asiyealikwa.

Windows za zamani zilirahisisha mambo zaidi kwa sababu zilikuwa na tabia ya kuendesha programu zilizo ndani ya flashi mara tu ichomekwapo. Microsoft iliikomesha tabia hiyo katika Windows XP na Vista kwa masahihisho ya mwaka wa 2011. Tangu hapo virusi vimelazimika kutegemea zaidi kidole cha mwanadamu.

Wenzao wa Lahore na Manila

Virusi si uchawi. Ni programu iliyoandikwa na mtu, na mara nyingine mtu huyo huketi katika duka ambalo lingeweza kuwa hapa Luthuli. Virusi vya kwanza kuenea duniani kupitia kompyuta za aina ya IBM PC vilitoka Lahore, nchini Pakistan, mwaka wa 1986. Vilijulikana kama Brain, na viliandikwa na ndugu wawili wenye duka la kompyuta, Basit na Amjad Farooq Alvi. Walieleza kwamba walitaka kuwazuia watu kunakili bila idhini programu yao ya mambo ya udaktari. Ndani ya virusi hivyo waliandika majina yao, anwani ya duka na nambari za simu! Brain ilisafiri kwa disketi, mkono kwa mkono, hadi ikafika Marekani. Mwaka wa 2011, mtaalamu kutoka Finland, Mikko Hyppönen, alikwenda Lahore, akabisha hodi kwenye anwani ileile na kuwakuta.

Tarehe 4 Mei 2000 ilikuwa zamu ya Manila, nchini Ufilipino. Barua pepe iliyojifanya ya mapenzi, yenye kichwa ILOVEYOU, ilizagaa ulimwenguni kwa muda wa saa chache tu. Mwandishi wake, Onel de Guzman, alikuwa mwanafunzi wa kompyuta aliyetaka kuiba nywila za watu ili atumie intaneti ambayo hakuweza kuilipia. Hakufungwa, kwa kuwa nchi yake wakati huo haikuwa na sheria iliyohusu kosa hilo. Mwandishi wa habari Geoff White alipomtafuta mwaka wa 2019, alimpata akitengeneza simu katika kibanda kidogo mjini humo.

Kwa hivyo usiogope kompyuta yako kana kwamba imelogwa. Kilichofanywa na mtu hutenguliwa na mtu, mradi ajue aanzie wapi.

Kwa nini vinarudi?

Malalamiko yanayosikika sana Luthuli ni ya mteja aliyerudi baada ya wiki moja: "Si ulisema umeitoa?" Mara nyingi fundi hakudanganya. Kompyuta ilisafishwa, lakini flashi tatu zilizo kwenye droo ya nyumbani hazikusafishwa. Ya kwanza kuchomekwa ikarudisha ugonjwa uleule. Ni sawa na kumtibu mtoto mmoja upele na kuwaacha wanaolala naye kitanda kimoja.

Sababu ya pili ni programu za wizi. Anayetaka Windows au mchezo wa kompyuta bila malipo hupewa programu ya kuvunja kufuli, na maagizo yake humtaka kwanza azime kinga. Nani humwambia mwenye nyumba afunge mbwa kabla ya kubisha mlango?

Sababu ya tatu ni uzee wa programu. Virusi vya WannaCry, vilivyotikisa dunia Mei 2017, vilipita katika ufa ambao Microsoft ilikuwa imetoa masahihisho yake miezi miwili kabla. Walioumia wengi hawakuwa wameyaweka. Windows 10 nayo ilifikia mwisho wa huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hivyo familia ambazo bado zinaitumia zinapaswa kujipanga.

Kabla ya kupanda matatu

Kuna mengi unayoweza kufanya nyumbani kabla ya kubeba kompyuta kwenda mjini. Kwanza, ikate na intaneti. Pili, nakili picha na kazi zako kwenye diski ya nje. Nakili faili zako tu, usinakili programu, kisha nakala hiyo ikaguliwe katika mashine iliyo safi kabla ya kufunguliwa.

Tatu, tumia kinga uliyo nayo. Windows 10 na 11 huja na Microsoft Defender, ambayo ina njia ya kukagua mashine kabla Windows yenyewe haijaamka. Hapo virusi hukamatwa vikiwa usingizini, visiweze kuizima kinga. Usiweke kinga mbili zifanye kazi kwa pamoja, kwani huweza kugombana na kuifanya mashine iwe nzito. Nne, kusanya kila flashi ya nyumba hiyo na uikague siku hiyohiyo. Tano, badilisha nywila za barua pepe na benki, ukitumia simu au kompyuta nyingine isiyo na virusi.

Iko aina moja ambayo mbinu hizi hazitoshi. Virusi vya kikombozi hufunga faili kwa siri za hesabu na kudai pesa. Kuvitoa hakufungui faili. Usikimbilie kulipa, kwa maana hakuna hakikisho kwamba mwizi atatimiza ahadi. Mradi wa No More Ransom, ulioanzishwa mwaka wa 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol na kampuni za usalama wa kompyuta, hutoa bure funguo za baadhi ya virusi hivyo. Kama ufunguo wa vyako haumo, kitakachokuokoa ni nakala uliyoiweka mapema, mahali pasipounganishwa na kompyuta hiyo.

Ikiwa yote yamekushinda, basi shuka Tom Mboya uingie Luthuli. Mafundi hodari wapo tele, na wengi ni vijana waliojifunza kwa kufungua na kufunga. Lakini usimwambie fundi "nitolee virusi" halafu ukaenda zako kunywa chai. Mweleze ni faili zipi unazozihitaji na ziko wapi. Mwombe azinakili mbele yako, ufungue mbili tatu uone kwamba zipo. Hapo ndipo umruhusu afomati, akiona lazima.

Mama wa Kayole aliondoka adhuhuri, kompyuta ikiwa imefomatiwa na picha zikiwa kwenye diski mpya ndani ya mkoba wake. Fundi alimwuliza kama angependa zirudishwe kwenye kompyuta pia.

"Zirudishe, mwanangu," alijibu, "lakini hizi nazo nitampelekea dada yangu Nakuru akae nazo."