Raha za nyuma ya nyumba

Alton, Hampshire

Mama mdogo,

Barua yako imefika salama. Umeniuliza waziwazi jambo ambalo wengine huniuliza kwa kuzungukazunguka: ukiacha kazi na bili, huko Uingereza unapata raha gani? Basi nakujibu. Raha yangu iko kwenye kibustani cha nyuma ya nyumba, ambacho ukitandika mikeka minne kimekwisha, na kwenye vitabu ninavyoazima maktaba ya umma. Nchi hii ilipitisha sheria ya maktaba hizo mwaka 1850, na hadi leo mtu anaonyesha kadi yake, anaondoka na vitabu bila kutoa hata senti. Wewe uliyenifundisha kusoma kabla sijaingia darasa la kwanza unajua ninavyojisikia nikitoka mle na mfuko mzito.

Kitabu nisichokichoka kiliandikwa kilomita chache tu kutoka hapa. Gilbert White alikuwa kasisi aliyeishi katika kijiji cha Selborne, na kitabu chake kilichapwa mwaka 1789. Kimeandikwa kwa mtindo wa barua, nyingi zikielekezwa kwa wapenzi wawili wa elimu ya viumbe, Thomas Pennant na Daines Barrington. Alitazama bustani yake, vichaka na ndege wa kijijini, akaandika alichokiona. Kulikuwa na ndege wadogo wa kijani iliyofifia ambao watu hawakuweza kuwatofautisha; yeye akatega sikio, akatambua kwa nyimbo zao kwamba ni aina tatu. Alikuwa na kobe pia, Timothy, aliyemrithi kwa shangazi yake, na anasimulia jinsi kobe huyo mwenye gamba gumu namna ile alivyoogopa mvua. Baada ya kufa ikabainika kuwa Timothy alikuwa jike.

Jambo moja lilimsumbua White miaka mingi: mbayuwayu huenda wapi majira ya baridi? Wapo wasomi wa zama zile walioamini kuwa hulala mafichoni, hata chini ya maji ya mabwawa. Ndugu yake aliyekuwa Gibraltar alimpa habari za ndege wanaovuka bahari, naye akakubali kwamba wengi huhama, lakini hakuacha kushuku kuwa baadhi hubaki wamejificha. Jibu la uhakika lilikuja yeye ameshazikwa zamani. Mei 1911 mbayuwayu mmoja alivishwa pete mguuni huko Staffordshire. Desemba 1912 akapatikana shambani Natal, Afrika Kusini. Nikifika hapo katika fikira zangu huwa nasimama kidogo. White alikuwa akitazama anga tupu na kujiuliza, na muda wote huo ndege walikuwa Afrika, wakidaka wadudu juu ya ng'ombe wa watu ambao hawajapata kusikia jina la Selborne.

Bustani yangu mimi ina mwenyewe, naye ni robin. Ukubwa wake ni wa shomoro, mgongo wa kahawia, uso na kifua rangi ya chungwa lililoiva. Nikianza kulima tu, anashuka. Nikiegemeza jembe anatua juu ya mpini, kichwa kakiinamisha upande, lile jicho jeusi likikagua udongo niliougeuza. Nyungunyungu akichomoza, robin anaruka, anamvuta, anambamiza chini, anammeza, anarudi mpinini. Yuko karibu kiasi kwamba naona upepo ukimpeperusha manyoya ya kifuani.

Nilimdhania mpole, hadi niliposoma David Lack. Huyu alikuwa mwalimu wa shule, na mwaka 1943 alitoa kitabu kizima juu ya robin. Aliwavisha pete za rangi ili amjue kila mmoja, akaonyesha kwamba ule wimbo mtamu ni onyo kwa wengine: eneo hili lina mwenyewe. Majira ya baridi hata majike huimba na kulinda maeneo yao. Lack aliweka robin mfu aliyekaushwa, na robin walio hai wakamshambulia mfu huyo. Alipoweka kishungi tu cha manyoya mekundu, nacho kikatishiwa. Sasa nikimsikia robin wangu Januari, saa kumi na moja jioni na giza limeshatanda, najua kuna kiumbe kidogo kinapigania mahali pake kwenye baridi, na namheshimu kuliko zamani.

Nyungunyungu nao wana kitabu chao, cha Charles Darwin, cha mwaka 1881. Alikuwa mzee, jina lake limeenea dunia nzima, naye akafariki mwaka uliofuata. Aliwaweka nyungunyungu kwenye vyungu vya udongo juu ya piano. Sauti za hewani hazikuwashtua, lakini piano yenyewe ilipopigwa na mtikisiko ukapita kwenye udongo, walizama shimoni mara moja. Nampenda sana mzee huyo kwa subira yake.

Halafu kuna kalunguyeye. Jirani yangu, bibi wa Kiingereza, alikata tundu la sentimita 13 kwa 13 chini ya uzio unaotutenga, kipimo kinachoshauriwa huku, ili mnyama apite usiku. Tunamsikia kabla ya kumwona, akitafuna wadudu na konokono kwa kelele. Tunamwekea maji, si maziwa, kwa kuwa maziwa humharisha. Zamani bibi yule na mimi tulikuwa tunapungiana mkono tu. Siku hizi ananiazima vitabu vya marehemu mumewe.

Najua nyumbani mtu wa ughaibuni hupimwa kwa gari na kiwanja. Fedha ina kazi yake, na ada za wadogo zinatoka huku huku. Lakini wewe umeniuliza raha.

Sasa nina ombi. Septemba mbayuwayu wa huku hujipanga kwenye nyaya tayari kwa safari, na wa kwenu mtaanza kuwaona kati ya mwezi huo na Oktoba. Huenda wasiwe hawa wangu, maana wa Uingereza wengi huishia Afrika Kusini. Hata hivyo chukua daftari, andika tarehe utakapowaona mara ya kwanza hapo Muheza, na kama ni juu ya uwanja wa shule au kwenye mashamba ya mkonge, unitumie. Kitabu cha White nimempa mgeni anayekuja huko mwezi ujao, akuletee. Wasalimie wote.

Mwanao.